Mbuni Bora Hapa

Vijana wa jikoni, siku ile mliponiaga pale chuoni mlinipa saa ya ukutani na mkaniomba niandike habari za kazi. Saa nimeitundika. Mstaafu hana haja ya kujua ni saa ngapi, lakini nashukuru. Kuandika ndiko kumenichukua miezi, kwa sababu kila nikishika kalamu nilijikuta naandika mnayoyajua: moshi wa kuni mbichi, maharagwe yasiyoiva, wali ulioshika chini siku ya mahafali. Hayo mlikuwepo. Haya ninayoandika sasa hamyajui, na nilikuwa nimekusudia kufa nayo. Ila mwezi uliopita nilienda Zombe kununua mbuzi, nikala chakula fulani, na tangu hapo kunyamaza kumenishinda.

Kazi hii niliianza Migwani, nikiosha sufuria katika hoteli ya meza sita. Siku ya kwanza nilisugua sufuria ya ugali kwa mchanga na majivu mpaka vidole vikachubuka. Mpishi, mzee aliyeitwa Nzioka, akaigeuza, akachungulia ndani kwa jicho moja, akasema, "Bado." Nikasugua tena. Nzioka alinifundisha mambo mawili. La kwanza, chumvi hutiwa na mtu mmoja, wengine waweke mikono mfukoni. La pili, ukitaka kujua habari za jiko muulize anayeosha vyombo, kwa maana yeye huona kinachobaki. La kwanza nimelishika maisha yangu yote, na mnajua jinsi nilivyowapiga makofi mikononi mkigusa kikopo changu cha chumvi. La pili nililisahau siku niliyoacha kuosha vyombo.

Nilikaa Migwani mpaka nikajua karanga, chapati, matumbo na muthokoi wa mahindi ya kukoboa. Halafu nikahamia upande wa Makueni, nikapata chumba Kibwezi, nikaanza kutafuta kazi kwenye hoteli za barabara kuu. Hoteli za barabarani zina mpishi mmoja hodari na wezi wa kuku watatu, na mimi sikuwa bado nimejua nitaangukia kundi gani. Dereva mmoja wa lori akaniambia kuna mama wa kigeni karibu na Kiboko anatafuta mtu wa jikoni, ila wote waliojaribu walikimbia.

Huyo ndiye Mama Lani. Jina lake lilikuwa Lan, lakini sisi hatuna jina linaloisha ghafla namna hiyo, tukamwongezea i. Alikuwa Mvietnamu, mfupi, mwenye nywele fupi zilizoanza mvi, na alivaa kandambili hata kanisani. Mumewe alikuja kufanya kazi na watafiti wa mbegu pale Kiboko, akaugua, akafa, akazikwa hukuhuku. Mama Lani hakutaka kumwacha peke yake. Akakodi jengo la vyumba viwili kando ya barabara, akaweka meza nne, akaanza kupika vyakula vya kwao. Kiswahili chake alikuwa amekiokota barabarani, kama sisi wote.

Siku ya kwanza alinipa kisu, kile kifupi kizito ambacho mmekicheka miaka yote mkikiita panga la mtoto. Kilikuwa chake. Kisha akanionyesha mifupa ya ng'ombe kwenye sufuria kubwa, akaniambia niichemshe. Nikaichemsha vizuri, supu ikaanza kutoa povu na harufu ya kumfanya mtu amkumbuke mama yake, akaja akaishika ile sufuria na kumwaga maji yote nje. Supu yote. Nilisimama pale nikiitazama ikiingia mchangani, na nawaambia kweli, nilitaka kulia. Kwetu supu ya kwanza humwagwa na mwendawazimu. Nikamwambia hiyo ndiyo supu yenyewe, mama. Akasema, "Hapana, Mutua. Hii ni maji ya kuosha. Supu bado." Bado ile ile ya Nzioka. Nikabaki.

Nilijifunza. Mifupa inachemshwa mara ya kwanza, inaoshwa mmoja mmoja, ndipo inarudi kwenye maji safi. Kitunguu na tangawizi vinachomwa kwenye makaa pamoja na maganda mpaka viwe vyeusi, halafu vinakwanguliwa na kutumbukizwa. Mdalasini kidogo, karafuu tatu, kiungo kimoja chenye umbo la nyota ambacho tulikiita nyota kwa kukosa jina, na mchaichai uliopondwa kwa mgongo wa kisu. Moto uwe mdogo, sufuria ipumue tu, isichemke. Ukiiona inacheka, alisema, umeiharibu. Mwisho unaweka tambi za mchele kwenye bakuli, nyama iliyokatwa nyembamba, dania, pilipili na ndimu, unamimina supu juu. Nilikula bakuli la kwanza nimesimama, la pili nimekaa. Kwa miaka mitatu nilikula bakuli moja kila siku saa saba, na hakuna siku niliyochoka.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Kila siku saa kumi za jioni, sufuria ya kesho ikiwa imebakiza kama saa moja ishuke, Mama Lani alinifukuza. "Mutua, nenda nyumbani." Nikirudi asubuhi, supu niliyoiacha ikiwa supu nzuri tu ilikuwa imekuwa ile supu. Kilikuwa kimeingia kitu chini yake, kitu kizito kisichokuwa na jina. Niliuliza unafanya nini nikienda. Akacheka, akasema, "Kesho, Mutua." Nikauliza tena baada ya miezi. "Kesho." Mara ya tatu sikucheka naye. Nilijiona mpishi mzima ninayefichwa sufuria ninayoipika mwenyewe, na donge likanikaa.

Wa pili pale jikoni alikuwa Kanini, mwanamke wa Zombe aliyeachwa na mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha vyombo. Kanini alikaa mpaka jioni kila siku. Sikuwahi kumuuliza chochote. Nilimwamkua, nikampa sufuria.

Nitaje na hili, kwa sababu linakuja. Katika wiki zangu za kwanza pale, kabla hajaanza kunifukuza jioni, dereva mmoja wa kutoka Kisumu, mteja wetu, alimletea Mama Lani mfuko wa omena, wale dagaa wakavu wa ziwani, kama zawadi. Nilifika nikakuta harufu imejaa jikoni. Mnanijua kuhusu samaki, siwagusi. Nikasema mbele ya wateja kwamba Mkamba akionekana anakula omena, basi ujue njaa imemaliza mbuzi, imemaliza mbwa, na sasa imefika kwenye wadudu wa ziwani. Wateja wakacheka. Nikasema zile omena zikibaki, mimi naondoka. Mama Lani akautoa ule mfuko nje, na sikuuona tena. Nilijisifu kwamba jiko limebaki safi.

Sasa jina. Chakula chenyewe yeye alikiita bun bo. Bun ni zile tambi, bo ni ng'ombe; alinieleza wiki ya kwanza, kwa hiyo sina kisingizio. Lakini ndimi zetu mnazijua. Mkamba haachi b itembee peke yake, lazima isindikizwe na m. Basi ni mbasi, biskuti ni mbiskuti, na bun ikawa mbuni bila mtu kukusudia. "Nipe mbuni moja," watu waliagiza, wakijua wanakula ng'ombe. Mimi nikaona biashara. Nikatafuta ubao na rangi nyeupe, nikaandika kwa herufi kubwa: MBUNI BORA HAPA. Ile bo niliimalizia kwa ra mwenyewe, nikaona imetoka vizuri.

Malori yakaanza kusimama. Dereva mgeni akiniuliza kama kweli ni mbuni, yule ndege, nilikuwa naangalia huku na huku, nainama, namwambia ameletwa kutoka upande wa Umasaini na asimwambie mtu. Walipenda. Wengine walijua ni mzaha na wengine hawakujua, na mimi sikujali nani ni nani. Mama Lani aliniuliza mbuni maana yake nini. Nikamwambia ni bun, mama, kwa Kikamba. Alifurahi sana kusikia chakula chake kimepata jina la Kikamba. Akalifanyia mazoezi. Tangu siku hiyo kila mteja aliyeingia alipokewa kwa maneno hayo hayo: "Karibu, mbuni bora."

Walikuja wawili, saa sita za mchana, wamevaa nguo za kawaida. Akawakaribisha kwa hayo maneno yake. Wakaagiza, wakaletewa, hawakula. Mmoja akatoa kitambulisho akasema wao ni watu wa wanyamapori, wamesikia hapa panauzwa nyama ya mbuni na wamejisomea ubao wenyewe. Mama Lani alicheka kwanza. Kisha akaona hawacheki. Kiswahili chote kikamtoka, akabaki anasema bo, bo, halafu akalipata neno. "Ng'ombe," alisema. "Ni ng'ombe. Uliza Mutua. Mutua ananunua."

Na ilikuwa kweli. Nyama nilinunua mimi, kila asubuhi nikitoka Kibwezi, kwenye bucha ya Syombua iliyo nyuma ya soko la Makindu, ambayo ukiwa barabarani huioni. Mama Lani hakuijua hata jina. Asubuhi hiyo nilikuwa nimenunua paja zima, na Syombua mwenyewe ndiye aliyelikata. Yule afisa akaja mlangoni pa jiko. Nilikuwa nimeshika kile kisu, nakata vitunguu. Akaniuliza mimi ndiye mpishi, na hii nyama imetoka wapi.

Nikasema, "Mimi ni wa kukata vitunguu tu. Mambo ya nyama anajua mwenyewe."

Niliyasema bila kukwama. Niliogopa. Aliyeandika ubao ni mimi, aliyewadanganya madereva ni mimi, na niliona wakiuliza la pili nitakwenda mimi. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni lile donge. Nilijiambia, si anajua kuficha? Basi na ajieleze. Mama Lani hakukasirika. Alidhani sijasikia swali vizuri. "Mutua," akaniambia taratibu, akinirekebisha, "ng'ombe." Nikaendelea kukata vitunguu. Kanini, kule kwenye karai la vyombo, alisema kwa sauti kwamba hiyo ni ng'ombe na mpishi anajua. Afisa akamwambia aoshe vyombo vyake. Wakachota supu na nyama wakaweka kwenye chupa na mfuko wa kwenda kupimwa, wakang'oa ubao, wakamchukua Mama Lani na kandambili zake.

Jioni hiyo nilijiambia kesho atatoka. Kesho yake nikajiambia hivyo hivyo. Kituo hakikuwa mbali. Sikwenda.

Siku ya tatu mwenye jengo alinijia nyumbani. Alisema yule mama hatarudi, biashara ya kigeni ina mikosi, na wateja bado wanasimama kuulizia chakula kile. Akanipa ufunguo. Ningeweza kuukataa. Niliuchukua, nikafungua lile jiko, nikavaa aproni ya Mama Lani iliyokuwa ikining'inia mlangoni kwa sababu yangu ilikuwa chafu, nikabandika mifupa. Mchana wake Kanini akatokea mlangoni. Alikuwa amebeba kindoo kidogo chenye kifuniko, amekishika kwa mikono miwili, amesimama tu ananitazama. Nilijua amekuja kuomba kazi. Nikamwambia sasa hivi hakuna kazi, arudi mwezi ujao. Akanitazama kidogo tena, akageuka, akaenda na kindoo chake.

Mama Lani aliachiliwa baadaye kidogo. Walikuta ni ng'ombe. Niliambiwa na fundi wa magurudumu, na nilipoambiwa pia kwamba anakuja kuchukua vyombo vyake, nilijipatia safari ya sokoni iliyochukua siku nzima. Niliporudi alikuwa amechukua sufuria yake kubwa na picha ya mumewe. Kisu alikiacha juu ya meza, kimefutwa. Sijui kama alikisahau au aliniachia. Nimefanya kazi nacho mpaka siku mliyonipa saa.

Hoteli ile haikumaliza mwaka. Kila mteja aliyeonja supu yangu alikunywa nusu, akauliza yule mama alienda wapi. Nikazunguka. Nilipika Emali, nikapika Wote, nikapika kwenye kambi ya watu wa barabara, mwisho nikaja Kitui, chuoni kwenu, ambako mmenikuta. Kote huko, jiko likinipa nafasi, nilibandika ile supu. Mnakumbuka zile Ijumaa nilizowaonjesha na mkasema ni tamu. Mlikuwa na adabu. Nilijaribu uboho, nikajaribu miguu ya kuku, nikajaribu uyoga, siku moja kwa aibu kubwa nikajaribu unga wa viungo wa pakiti. Kile kitu cha chini hakikuja. Kuna watu hupoteza ndugu wakamtafuta mijini. Mimi nilitafuta ladha, na ndugu nilijua nilikomwacha.

Sasa Zombe. Ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa nimeshikilia mbuzi wawili kwa maneno, nikaona kwanza nile. Nikaingia hoteli moja yenye ukuta wa kijani, msichana akanijia akanitajia vilivyopo kwa haraka kama anavyofundishwa shule. "Kuko chapo, ndengu, matumbo, pilau na mbuni."

"Mbuni gani?"

"Mbuni tu, mzee. Ya supu."

Nilimwambia alete. Bakuli lilipowekwa mbele yangu nilijua kwa harufu, lakini sikuamini pua, imenidanganya mara nyingi. Nikanywa kijiko kimoja. Vijana, ilikuwa ile. Si kama ile, ilikuwa ile yenyewe, na kile kitu cha chini kilikuwepo, kizito, mahali pake, kama vile hakijawahi kuondoka. Nilianza kulia pale pale mezani, mzee mwenye kofia, na yule msichana akadhani ni pilipili akaniletea maji. Nilikula nusu. Kisha nikamwomba aniitie mpishi.

Akatoka Kanini. Amenenepa, ana miwani, na aproni safi. Alinijua kabla sijainuka. Hakunipa mkono.

"Mutua," alisema, akaketi upande wa pili wa meza. "Naona umezeeka."

Nilimwambia yeye naona yu mzima. Nilimuuliza habari za watu wake, akajibu kwa kifupi, na maneno ya adabu yakaisha upesi. Nikamuuliza kile nilichotaka kuuliza siku zote hizo: humu ndani mna nini.

"Omena," akasema.

Nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania. Akanieleza kwamba zile omena za yule dereva hazikutupwa. Mama Lani alizikaanga kavu, akazifunga kwenye kitambaa, na kila jioni nikishaondoka alikitumbukiza kile kitambaa kwenye supu kwa saa moja, kisha akakitoa. Dereva aliendelea kumletea. Kanini ndiye aliyekiosha kitambaa, kila siku ya Mungu, kwa miaka ile yote.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza lini?" Akavua miwani, akaifuta. "Na yeye hakutaka. Alisema ukijua utaacha kuikula. Alikuwa anapenda vile ulikuwa unaikula. Alikuwa anangoja uzoee, ndiyo akuambie."

Kesho, Mutua. Nilitazama lile bakuli. Miaka mitatu nilikula omena kila siku saa saba nikiomba niongezewe, na aliyenificha alinificha nisije nikakosa chakula nilichokipenda. Na mimi nilikuwa nimelifanya hilo donge, na donge nikalifanya sababu. 

Nikamuuliza nani alimfundisha kuipika yote, maana kuosha kitambaa ni jambo moja na kupika ni lingine.

"Yeye. Akiwa ndani."

Alinieleza akiangalia mlangoni, hakuniangalia. Alikwenda kituoni kila siku kumpelekea chakula. Na kila siku swali la kwanza la Mama Lani lilikuwa moja: Mutua amekuja? Siku ya kwanza Kanini akasema bado. Siku ya pili, kwa kukosa la kusema, akasema Mutua ni mgonjwa, ameshikwa na malaria, hawezi kuinuka.

"Ningemwambia nini?" Kanini alisema. "Akahuzunika. Akasema mtu wa malaria anatakiwa supu. Akanifundisha hapo hapo, mimi nimesimama kwa dirisha. Mara tatu, mpaka nikarudia yote bila kukosa. Mifupa, kitunguu, kitambaa, yote. Nikaenda kupika kwangu, nikakuletea."

Sikumwacha amalize. "Kile kindoo," nikasema.

"Kile kindoo. Nikakukuta umevaa aproni yake. Ukaniambia nirudi mwezi ujao."

 Nje mtu alikuwa anabishana na kondakta juu ya kuku. Nilimuuliza ile supu aliifanyia nini. Alisema aliinywa mwenyewe kando ya barabara, yote, ajue inavyotakiwa kuwa, kisha akarudi kituoni akamwambia Mama Lani kwamba Mutua amekunywa na amepata nafuu. Mama Lani akafurahi. Mpaka anapanda ndege kurudi kwao kwa kaka yake aliamini hivyo. Alimpigia Kanini simu mara kwa mara kwa miaka kadhaa, na kila mara aliuliza kama Mutua yuko salama. Halafu simu ikaanza kushikwa na mtu asiyejua Kiswahili, halafu haikushikwa tena. Kaburi la mumewe Kanini huenda kulifagia kila Desemba.

"Maliza," akaniambia. "Inapoa. Hata hivyo ilikuwa yako."

Nilimaliza. Nilitaka isiwe tamu lakini ilikuwa tamu mpaka tone la mwisho. Nikalichukua bakuli nikainuka niende nikalioshe, nikidhani hilo angalau naweza kulifanya, lakini Kanini akalichukua mikononi mwangu. Alisema vyombo vya hapa anaosha yeye.

Nilivaa kofia. Nilipofika mlangoni ilinijia kwamba katika miaka yote hii sijawahi kuyatamka yale maneno mbele ya mtu yeyote, maneno mepesi ambayo afisa aliyangoja pale mlangoni pa jiko. Nikageuka nikayasema, nikijua hayana kazi tena. "Bucha ilikuwa ya Syombua," nikasema. "Nyuma ya soko la Makindu."

"Najua," Kanini alisema. "Nilizunguka bucha zote, Kibwezi, Makindu, Emali, nikiuliza nani huuzia Mutua nyama. Nikaipata, nikamleta Syombua mpaka kituoni. Kama ungesema wewe, Mama Lani angelala kwake siku hiyo. Mimi ilinichukua siku nne."

Akaingia jikoni na bakuli langu.